Bosi Amekukosoa na Hukubaliani Naye: Niliyojifunza Nikikusanya Marejesho Mwanza

Nilikuwa afisa mikopo Mwanza, kwenye kampuni moja ya ukopeshaji ambayo jina lake nitaliacha. Ni zile kampuni zinazopewa leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018: hazipokei amana, zinakopesha na kusubiri marejesho. Wateja wangu wengi walikuwa akina mama wa dagaa wa Igombe na Kayenze. Wananunua dagaa wabichi alfajiri, wanawaanika, kisha wanawapeleka soko la Kirumba Mwaloni, ambako wanunuzi huja hadi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Kwenye tathmini ya nusu mwaka meneja wa tawi aliandika hivi katika fomu yangu: "Afisa ni mpole kupita kiasi kwa wateja. Marejesho ya vikundi vyake yanalegalega. Ajirekebishe." Niliisoma mbele yake na sikukubaliana nayo. Tangu hapo nimeshakalia kiti cha upande wa pili wa meza, nami nimewakosoa wengine na kupingwa nao. Niliyojifunza pande zote mbili ni haya.

1. Jibu la kwanza liwe fupi, na liwe na siku ndani yake

Ofisini kwetu mtu akikosolewa na bosi ana njia mbili alizozoea. Ya kwanza ni "sawa Bosi," kisha anaenda kumsema kantini. Ya pili ni kujibu papo hapo, sauti ikipanda kidogo kidogo, mpaka hoja ya marejesho inageuka kuwa hoja ya nidhamu. Ikishafika kwenye nidhamu, mdogo hashindi. Kunyamaza kabisa nako hakusaidii, maana bosi atadhani umenuna, au atadhani umekiri.

Nilimwambia: "Nimekusikia, Bosi. Kuna mambo nayaona tofauti, ila sitaki nijibu kwa haraka. Naomba nikapitie vitabu vyangu, nirudi kwako Alhamisi." Nikaomba na fomu niisaini siku hiyo hiyo ya Alhamisi, akakubali.

Hiyo Alhamisi ndiyo iliyobeba uzito. Ukisema "tutaongea" tu, hamtaongea. Bosi ana mambo mengi, na wewe utaona afadhali yapite. Wafanyakazi wangu wa baadaye walioniambia "nipe hadi Jumatano nikuletee ninavyoona mimi" niliwasikiliza kwa makini kuliko walionipinga palepale, hata pale waliponipinga kwa haki. Huenda huo ni udhaifu wangu kama bosi, lakini mabosi wengi wanao.

2. Usibishane na sifa, omba tendo

Ukiambiwa wewe ni mpole, utajiteteaje? Ukisema "mimi si mpole," utaonekana mbishi. Ukitoa mfano wa siku uliyomfokea mteja, umekubali kwamba kufoka ndiyo kazi. "Hujitumi," "huna ushirikiano," "una kiburi," zote ni za aina hiyo. Hazina mahali pa kushika.

Kwa hiyo Alhamisi nilianza na swali: "Bosi, nikitaka kurekebisha hili, nianze na kikundi gani? Ni wiki zipi zilizokukera?" Alifungua kompyuta, akashusha orodha, akanionyesha vikundi vinne. Vyote vinne vilikuwa vya dagaa. Vikundi vyangu vya mama lishe na wauza mitumba havikuwemo, na hao niliwakusanyia kwa upole ule ule. Sikumwambia hilo kwa maneno. Niliomba orodha ichapishwe, nikaiweka katikati ya meza, naye akaisoma tena mwenyewe.

3. Kabla ya kutafuta utetezi, tafuta sababu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila hili mengine yote yangekuwa adabu tu.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na za betri. Taa inawavuta wakusanyike, kisha wavu unashushwa. Njia hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina nguvu, na mafuta yanaungua bure. Ndiyo maana kila mwezi kuna kama wiki moja au zaidi kidogo ambayo mitumbwi mingi ya dagaa hailali ziwani. Mvuvi akipumzika, mwanikaji naye hana cha kuanika. Juu ya hapo kuna masika. Kati ya Machi na Mei dagaa waliotandazwa mchangani wananyeshewa, wanaoza kabla ya kukauka, na wanaosalimika kidogo wanauzwa kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku.

Sisi tulikuwa tunadai rejesho lile lile kila wiki, kana kwamba mteja ana mshahara.

Nilichukua daftari langu la makusanyo na kalenda ya ukutani inayoonyesha miandamo ya mwezi, nikakaa navyo jioni nzima baada ya kikao kile. Kila wiki yenye mapengo kwenye vikundi vile vinne ilikuwa ya mbalamwezi, au ya mvua kubwa. Kila baada ya pengo, giza liliporudi, kuna wiki ambayo watu walilipa mara mbili. Hakuna aliyekuwa anakimbia deni.

Nikagundua pia kwa nini jambo la wazi namna hiyo halikuonekana kwenye ripoti. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo haukai kwenye tarehe moja. Ripoti ya tawi ilifungwa mwisho wa mwezi wa kalenda. Mbalamwezi ikiangukia tarehe za mwanzo, wateja wangu wanakuwa wameshafidia kabla ripoti haijafungwa, na mimi naonekana hodari. Ikiangukia tarehe za mwisho, ripoti inachafuka na mimi naonekana mzembe. Kazi ni ile ile na afisa ni yule yule.

Wapo watakaosema afisa wa dagaa alipaswa kulijua hilo tangu mwanzo. Akina mama walilijua, kila mtu Igombe alilijua. Ila hakuna aliyekuwa ameliandika pembeni ya namba, na bosi hawezi kufanya uamuzi juu ya jambo ambalo halimo kwenye karatasi anayotumiwa.

4. Uliza bosi naye anapimwa kwa kipi

Nilirudi kwake nikidhani nikimwonyesha mwezi yataisha. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Naelewa. Lakini mimi mwisho wa wiki natakiwa kutoa mikopo mipya, na pesa sina."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kipimo kinachojulikana kote kwenye biashara ya mikopo midogo ni mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Wateja wangu walichelewa wiki, wiki mbili, wakafidia. Wengi wao hawakuvuka siku 30, kwa hiyo kwa kipimo hicho vikundi vyangu vilikuwa salama, nami nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusimama hapo. Ila tawi letu lilikopesha kutokana na lilichokusanya. Makao makuu hayakuwa yakileta mtaji mpya kila wiki. Dagaa wakikosekana, meneja anakaa na foleni ya watu aliowaahidi mikopo na sanduku halina kitu, kisha simu kutoka Dar es Salaam inaingia kuuliza mbona mikopo mipya imeshuka.

Yaani alikuwa na shida ya kweli, akaibandika jina lisilo lake. Alichokosa ni kujua mapema wiki ipi pesa itakuwa kidogo. Upole wangu haukuhusika, ila ndio uliokuwa karibu kulaumiwa.

Ningekuwa nimeshikilia zile siku 30 zangu ningeshinda mjadala na meneja angebaki na shida yake. Bosi aliyeshindwa kwa hoja huku shida yake ipo pale pale atakutafuta tena kwa jambo jingine.

5. Mlango ufungwe

Kikao cha Jumatatu asubuhi si mahali pake. Grupu la WhatsApp la tawi ndiyo kabisa. Na usiende na wenzako watatu kukusindikiza, hata kama nao wanakubaliana nawe, maana bosi ataona mgomo kabla hajaona hoja. Niliporudi kwake tena nilikwenda peke yangu, baada ya chakula cha mchana, nikiwa na karatasi mbili.

Hili halitokani na woga. Mtu aliyepingwa mbele ya walio chini yake hana tena nafasi ya kubadili mawazo bila kuaibika.

6. Peleka jambo linaloweza kujaribiwa

Karatasi ya pili ilikuwa na pendekezo. Mteja aliyekuwa akilipa shilingi 30,000 kila wiki, wiki mbili za giza alipe 45,000, na wiki mbili za mbalamwezi alipe 15,000. Kwa wiki nne jumla inabaki 120,000 ile ile. Ratiba ifuate mwezi wa angani, isifuate tarehe. Meneja naye atajua tangu mapema kwamba wiki fulani Igombe italeta nusu, apange mikopo mipya iangukie wiki za giza. Niliomba vikundi viwili kwa miezi mitatu.

Alinipa kimoja. Na kabla ya hicho kimoja alitaka akakione mwenyewe.

Alikuja Igombe siku chache baada ya mwezi mpevu. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, vijana wamekaa kivulini wanacheza bao, na uwanja wa kuanikia ni mchanga mtupu. Mhazini wa kikundi, mama wa makamo, alimfungulia daftari lake la kurasa za mraba, ambalo jalada lake lilishikwa kwa mpira wa kufungia pesa. Alikuwa akiandika ndoo ambazo kila mwanachama amenunua kila siku. Siku za giza safu zimejaa hadi pembeni. Siku za mbalamwezi ameweka vistari, kistari baada ya kistari, kurasa mbili nzima.

"Sasa siku hizi mnakula nini?" meneja akauliza.

"Tunakula mtaji wenu, baba," mama akajibu, na akacheka peke yake.

Barabarani wakati wa kurudi meneja aliniuliza maswali mengi, na hakuna hata moja lililohusu tabia yangu. Kikundi kile kililipa kama ratiba ilivyosema. Baada ya majaribio alihamishia vikundi vingine vya dagaa kwenye mpango huo. Kwenye fomu yangu ya tathmini neno "mpole" lilibaki vile vile, na sikuliomba lifutwe.

7. Ukishindwa, tekeleza, na usijifanye umeridhika

Kuna jambo jingine aliloandika chini ya fomu ile: mikutano ya marejesho ihamishwe kutoka mwaloni, mitumbwi inakotua, hadi ofisini. Nilipinga. Mama atoke Igombe hadi mjini, alipe nauli, apoteze nusu siku ambayo angekuwa anageuza dagaa juani, yote hayo kwa ajili ya kuleta shilingi elfu chache? Yeye alitazama hatari ya afisa kutembea na begi la pesa kwenye bodaboda. Tulizungumza mara zaidi ya moja, kila mmoja na hoja zake, mwisho akasema, "Hapa nimeamua."

Nikatekeleza. Nilikwenda mwaloni kuwaeleza wateja utaratibu mpya bila kusema "wameamua huko juu, mimi simo." Kauli hiyo inamaliza heshima ya kampuni na ya msemaji pia, na mteja anajua kabisa kuwa unatafuta kupendwa. Lakini kwa meneja nilikuwa wazi: "Nitalitekeleza, Bosi, ila bado naona litatupunguzia wateja. Naomba tuliangalie tena mwisho wa robo mwaka." Akaandika kwenye shajara yake.

Baadhi ya akina mama walijitoa. Mwisho wa robo tuliliangalia na hakubadilisha uamuzi. Mpaka leo naona alikosea, na bado namheshimu.

8. Kuna agizo lisilo la kujadiliwa

Ukosoaji wa kazi ni kitu kimoja, kuamriwa ufanye maovu ni kitu kingine. Watu wa sekta hii wanalijua jina la "kausha damu," mikopo inayomwacha mteja bila godoro na bila sufuria. Afisa wa kampuni nyingine aliwahi kuniambia kwamba "kujirekebisha" kwake kulikuwa na maana ya kubeba televisheni ya mteja bila utaratibu wowote wa dhamana. Hapo usitafute sababu wala kalenda ya mwezi. Kataa, kwa maandishi. Benki Kuu ilitoa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019, na afisa anayebeba televisheni ni yeye anayeonekana na majirani. Bosi aliyemtuma yuko ofisini.

9. Karatasi, na saini yako

Baada ya kila mazungumzo ya uzito niliandika mistari michache na kumtumia kwa barua pepe: tulichokubaliana, tusichokubaliana, nani atafanya nini, lini. Lugha ya kawaida, bila vitisho vya kisheria. Mara moja alinisahihisha mahali nilipomwelewa vibaya, na hiyo pekee ilitosha kuonyesha faida yake.

Dada yangu, muuguzi wa hospitali ya serikali, alitumia kwa miaka mfumo wa tathmini ya utendaji wa OPRAS, ulioanzishwa 2004 kwa watumishi wa umma. Fomu yake ilikuwa na alama anazojipa mtumishi, alama za msimamizi, na alama walizokubaliana. Watumishi wengi waliijaza kwa mazoea tu, lakini nafasi ya kutofautiana ilikuwepo, imechapishwa. Fomu nyingi za kampuni binafsi hazina nafasi hiyo. Kama yako haina, andika maoni yako kwenye ukurasa wako na uombe uambatanishwe. Wengi wanaogopa kuomba, lakini mimi sijawahi kumwona meneja akikataa.

Barua ya onyo ni hivyo hivyo. Kukataa kuisaini kunakuletea kosa la pili bila kulifuta la kwanza. Isaini na uandike kando ya saini: "Nimeipokea. Sikubaliani na maelezo yaliyomo, majibu yangu nitayaleta kwa maandishi." Weka tarehe. Kisha yalete kweli.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, pamoja na kanuni za utendaji bora zilizotangazwa 2007, zinamtaka mwajiri anayemwona mfanyakazi ameshuka kiwango achunguze sababu, amwongoze na ampe muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kumwachisha. Kwa Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na wakati wa maelezo hayo mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiwa na barua pepe zako na majibu yako uliyoyasaini, muda uliopewa na mwongozo uliopewa, au ulionyimwa, vinaonekana.

Na kama mambo yamefika mwisho, umeachishwa na unaona umeonewa, usikae nyumbani ukingoja bosi apoe. Mlalamikaji Tanzania ana siku 30 za kufikisha shauri la kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Haki hiyo haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Ukiwa umeshavuka miezi sita, chukua faili lako uende wiki hiyo hiyo.